Karatasi ya Tatu

Kwa miaka kadhaa ya ujana wangu kazi yangu ilikuwa kupiga chapa mambo ambayo hayajatokea. Sijisifu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mipango ya wilaya, Mpanda, katika ile miaka ya sabini Serikali iliposema kwamba mikoa na wilaya zijipangie mambo yake zenyewe badala ya kungoja Dar es Salaam. Wenzangu wa chumba cha pili walipiga chapa barua za likizo na za uhamisho. Mimi nilipiga chapa shule zitakazojengwa, visima vitakavyochimbwa na watoto watakaozaliwa.

Ofisi ilikuwa katika jengo la bati lililoachwa na mgodi. Mji wetu ulizaliwa na mgodi wa madini ya risasi; Wazungu walivuta reli kutoka upande wa Tabora kwa ajili yake, wakajenga nyumba, wakapanda miti kwa mistari, na kila aliyewahi kuwafanyia kazi alikwambia kwamba walipanga kukaa sana. Mgodi ulifungwa nikiwa bado mtoto. Meza yangu ilikuwa yao, na mtoto wa meza hakufunguka mpaka umpige goti. Kila asubuhi nilitoka Kawajense nilikopanga chumba, nikapita sokoni Kashaulili kununua mihogo ya kuchemsha, nikaenda kukaa kwenye meza ya watu ambao mipango yao ilikufa, nikaanza kupanga. Wakati ule sikuliona hilo. Nililiona baadaye, na liliniudhi.

Afisa Mipango wetu alikuwa kijana mrefu mwenye miwani mizito, mtu wa kaskazini, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alimwambia hata mhudumu wa chai "tafadhali". Lakini alikuwa na jambo moja lililomshika kama homa: alitaka wilaya itazame mbele. Alisema mpango wa mwaka mmoja ni kama orodha ya mama anayekwenda sokoni, haukusaidii kujua kama mwakani soko litakuwepo. Alitaka miaka ishirini.

Kwa hiyo alibuni utaratibu wake. Kila kijiji kingekuwa na karatasi tatu. Ya kwanza, tuandike kijiji kitakavyokuwa baada ya miaka ishirini kama mambo yatakwenda vizuri. Ya pili, kama yataendelea vilevile yalivyo. Ya tatu, kama yataharibika. "Hatutabiri," aliniambia siku aliponipa stensili za kwanza. "Kutabiri ni kazi ya waganga. Sisi tunajiuliza tu: likitokea hili, tutakuwa wapi?"

Nilimpenda kwa maneno yale. Nasema wazi, sikumpenda kwa namna nyingine, maana watu wa Kawajense walisema sana.

Mwaka ule ndipo amri ya watu kuhamia vijijini ilipofika kwetu kwa nguvu. Waliokuwa wametawanyika milimani na mabondeni walitakiwa kukusanyika kando ya barabara, wapate shule, zahanati na maji. Karatasi tatu za Afisa Mipango zilitakiwa zitangulie malori, ili kila mahali papya papimwe kwanza kwa macho ya miaka ishirini. Jambo jema kabisa, likisomwa ofisini.

Zamu ya upande wa Mpimbwe ilipofika, aliniomba niende naye. Nilizaliwa huko, na wanawake wa kule walikuwa hawasemi Kiswahili cha kutosha mbele ya mgeni. Tulikwenda kiangazi. Safari zetu zote zilikuwa za kiangazi, kwa sababu masika Landrova ilizama mpaka milangoni. Hakuna hata mmoja ofisini aliyewahi kwenda kikazi kijiji chochote cha wilaya ile mwezi wa pili. Tulikuwa tunapanga miaka ishirini kwa kuangalia ile miezi ambayo gari linapita, na hakuna aliyeona ajabu.

Mahali palipochaguliwa kwa ajili ya watu wangu palikuwa pazuri. Uwanda mpana kati ya barabara na mto, udongo wa kichanga unaochimbika kwa jembe bovu, hakuna visiki, hakuna miti mikubwa ya kung'oa. Mto wenyewe ulikuwa umebaki vidimbwi vitatu vyenye nyayo za ng'ombe. Mpima ardhi aliyekuja nasi alifurahi kama mtu aliyepewa karatasi nyeupe. Angeweza kupiga safu za viwanja zilizonyooka kama uzi. Afisa Mipango peke yake ndiye aliyeinama. Aliokota kokoto mbili tatu zilizolainika, akazigeuzageuza kiganjani, akazitia mfukoni bila kusema kitu.

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa la shule ya misheni. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika videvuni. Wanawake walikaa chini, nyuma. Karatasi ya kwanza ilikwenda kwa shangwe. Watu walitaka mashine ya kukoboa mpunga, wakataka daktari, mmoja akataka reli. Ya pili ilikwenda kwa kuguna. Ilipofika ya tatu, Afisa Mipango alisimama akauliza kwa upole wake: "Sasa, ndugu zangu, tuseme mambo yameharibika. Ni jambo gani baya linaloweza kukipata kijiji hiki hapo mnapohamia?"

Katekista alifanya ishara ya msalaba. Mwenyekiti, mzee mwenye koti la mitumba lililokatika mikono, alijikohoza.

"Ndugu afisa," alisema, "sisi huku hatusemagi hivyo. Nyumba hata hatujajenga, nyie mnatuuliza itaanguka lini. Huo ni uchuro."

"Si uchuro, mzee. Ni maandalizi."

"Neno likishatoka limetoka. Andika tu kwamba tunamtegemea Mungu."

Msomaji ambaye hakulelewa hivyo anaweza kucheka. Kwetu mtu hakutaja nyoka akiwa njiani, hakumwambia mjamzito habari ya mtoto aliyekufa, na hakumuuliza anayeondoka kama atarudi. Kutaja baya ni kuliita kwa jina lake, nalo likiitwa linakuja. Mimi mwenyewe, niliyesoma mpaka darasa la kumi na kujua stensili na karatasi kaboni, nilitazama mlangoni alipouliza. Nilitamani aache, tuondoke.

Hapo ndipo shangazi yangu alipoinua mkono.

Shangazi alikuwa dada wa baba. Mama alipofariki alitulea, mimi na dada yangu mkubwa, na sasa alikuwa akiishi kwa dada, maana mguu wake mmoja ulikuwa umekauka goti na haukukunjika. Alikuwa na mdomo. Binti akivaa kitenge kipya, shangazi angekishika pindo, akasema kitambaa hiki kizuri, kitafaa hata siku ya kuzikiwa. Watu waliwaficha watoto wachanga alipopita. Alijua wanavyomwita, na nadhani alifurahia kidogo, kama mtu mwenye mbwa mkali. Mimi nilimwonea aibu tangu nikiwa na miaka kumi.

Alisema kwa Kipimbwe, bila kusimama kwa sababu ya mguu. Alisema: pale mnapotaka kutupeleka ni kitanda cha mto. Bibi yangu aliuona ukilala pale kabla haujahama. Mto haukuhama kwa hiari, ulisogea tu, na siku moja utataka kitanda chake. Mmeona mti mzima pale? Mahali pasipo mti mzee pana sababu. Mto utarudi, na ukirudi hautapiga hodi, utachukua watoto.

Wanawake waliokuwa karibu naye walijivuta pembeni. Mmoja alijitemea mate kifuani, kuliondoa neno. Wanaume waligeuka. Afisa Mipango alinitazama, kalamu mkononi, akingoja nimtafsirie.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Nilisema: "Anasema mahali hapa huwa na maji mengi masika. Zamani mto ulipita karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu tu. Ni mambo ya wazee."

Sikudanganya kabisa. Nilipunguza. Nilipunguza kwa sababu maneno ya watoto kuchukuliwa yalikuwa mabaya mno kuyatoa kinywani mwangu mbele ya dada yangu aliyekaa pale na mimba, na nilipunguza kwa sababu mgeni wa heshima asije akadhani nimetoka kwa watu washenzi. Aliandika nilichosema. Kisha akatoa zile kokoto mfukoni, akaziweka juu ya karatasi, akaongeza mistari miwili kwa mwandiko wake: kwamba huenda uwanda huu ni njia ya zamani ya mto, na kwamba usijengwe kabla mtu hajauona wakati wa masika.

Tulipokuwa tunapanda gari shangazi alichechemea mpaka dirishani kwangu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, shangazi."

"Lote?"

"Lote."

Aligonga mlango wa gari kwa kiganja, kama anayempa ng'ombe ruhusa ya kwenda.

Karatasi zote za wilaya nilizipiga chapa, vijiji vyote, tatu tatu. Nilijivunia kazi ile. Nilifika kwenye ya tatu ya kwetu nikapiga mistari ya Afisa Mipango neno kwa neno, na kwa siku chache nilijiona nimemlipa shangazi. Kisha jalada likaenda kwa Mkubwa wa ofisi, na likarudi haraka kuliko majalada yalivyozoea kurudi.

Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Naandika hivi kwa sababu wasomaji hupenda kuwe na mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, aliyepata cheo akiwa amechoka, na juu yake kulikuwa na watu wa mkoani waliotaka kusikia kwamba malori yanatembea. Alituita sote wawili, jalada likiwa wazi mbele yake.

"Hii karatasi ya tatu ni ya nini?"

Afisa Mipango alieleza. Alieleza vizuri, hata mimi nilielewa upya. Mkubwa alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Bwana, mimi nipeleke mkoani Sumbawanga mpango unaosema kijiji kitazolewa na maji, na kingine kitakosa maji, na cha tatu kitakimbiwa na watu kwa mainzi ya ndorobo? Nitaambiwa napinga. Serikali haipangi mafuriko. Serikali inapanga maendeleo."

"Tungengoja masika moja tu, mzee. Moja, tuone."

"Malori yamepangwa mwezi huu."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Afisa Mipango alivua miwani, akaifuta kwa shati, na nikajua kwamba imekwisha. Nilirudi mezani nikapiga goti mtoto wa meza, nikatoa stensili mpya. Karatasi ya kwanza na ya pili ziliunganishwa zikawa mpango. Ya tatu ikatolewa. Niliyeitoa ni mimi, kwa vidole hivi, na nikabadilisha namba za kurasa ili pengo lisionekane.

Ajabu ni hii: baada ya kuitoa, nilianza kutoiamini. Sijui kama ni mimi peke yangu au ndivyo ilivyo kwa kila mtu wa ofisini. Jambo lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa na uzito. Lilipotolewa likawa tena maneno ya mwanamke mwenye mguu mbaya na mdomo mchafu. Karatasi zile za tatu zilirundikwa pembeni, na kwa kuwa karatasi ilikuwa haba, ikitegemea treni na treni ikitegemea Mungu, tulianza kuandikia nyuma yake.

Kisha ikaja orodha ya viwanja. Mpima aliileta kwa mkono, safu kwa safu, jina la mkuu wa kaya na namba yake, niipige chapa itumike siku ya kugawa. Nilitafuta jina la shemeji yangu. Nililikuta juu kabisa, safu ya barabarani, mahali palipoinuka. Nikafikiri habari ya dada. Alikuwa mwezi wa saba, na kutoka safu ile mpaka vidimbwini ni mwendo wa kuchosha ukiwa na ndoo kichwani. Visima vilivyoahidiwa nilivipiga chapa mwenyewe, nilijua ni vya mwaka gani. Katika safu ya mwisho, ya mtoni, kulikuwa na jina la familia nisiyoijua sana. Nilibadilisha. Namba hii hapa, namba ile pale. Ilichukua muda wa kupiga mistari miwili. Hakuna aliyeniomba na hakuna aliyenipa chochote, na mpima hakugundua kamwe. Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa na madaraka, na niliyatumia kwa upendo.

Nilimtumia dada ujumbe kwa dereva wa lori: nimekutafutia kiwanja karibu na maji. Alinirudishia kikapu cha mchele mpya.

Watu walihamishwa. Sitaeleza sana, wengi wameyaona ya kwao. Mapaa ya nyumba za zamani yalishushwa ili mtu asirudi, na mabibi waliingizwa kwenye malori wakiwa wamekumbatia vinu. Afisa Mipango alihamishiwa mkoa mwingine kabla ya mvua. Siku ya kuondoka stesheni alinipa mkono, akaniambia zile karatasi za tatu nizitunze, siku moja mtu atazitaka. Sikumwambia kwamba nusu yake tumeshaandikia.

Masika ya kwanza yalipita salama. Nilifurahi, na katika furaha ile kulikuwa na kumcheka shangazi. Dada alijifungua msichana. Nilikwenda kumwona kiangazi kilichofuata, nikakuta nyumba nzuri ya udongo, mboga zimestawi nyuma kwa sababu ya kichanga kile chenye unyevu, na shangazi amekaa mlangoni na mtoto juu ya mguu usiokunjika, akimteremsha kama kwenye bembea. Hakusema neno la mto. Alisema tu kwamba nimenenepa, na kwamba wanene hufa wakicheka. Masika ya pili nayo yakapita.

Ya tatu hayakupita. Siku yenyewe kijijini hapakuwa na mvua. Hilo ndilo kila mtu aliloniambia: jua lilikuwa linawaka. Ilikuwa imenyesha milimani siku kadhaa, mbali, na watu walikuwa mashambani wakipalilia mpunga. Adhuhuri walisikia mngurumo, wakadhani ni lori. Mto ulipofika uwandani haukufuata mkondo wake. Ulikata kushoto, ukapita katikati ya safu ya mwisho na ya pili yake, umenyooka kama mpima alivyochora. Nyumba za udongo hazianguki majini, zinayeyuka. Walipokimbia kutoka mashambani walikuta maji pale palipokuwa na majiko.

Habari ilinifika Mpanda kwa dereva aliyekuwa akirudi kutoka kuchukua mpunga. Nilikaa njiani siku mbili kwa sababu barabara ilikatika, nikafika wameshazika. Safu mbili zilipotea. Waliokufa walikuwa wale waliobaki nyumbani, wagonjwa, wazee na watoto. Shangazi walimkuta chini sana, kwenye matete. Alikuwa amejifunga mtoto wa dada mgongoni kwa kanga mbili, fundo juu ya fundo, na halikufunguka. Waliwazika hivyohivyo, juu kule kwenye mahame yetu.

Safu ya barabarani haikuguswa. Ile familia niliyoibadilisha namba ilipokea watu wasio na nyumba, ikawapikia. Mama wa nyumba ile alinikumbatia kwa nguvu akilia, akisema Mungu amewaponya yeye na wanawe kwa sababu asiyoijua. Yupo mpaka leo, ana wajukuu. Tukikutana ananisalimu kwa uchangamfu, na mimi namwamkia, na kila mara namwonea kinyongo, kisha najichukia kwa hilo.

Nilirudi kazini. Wiki ile ile Mkubwa alileta rasimu ya taarifa ya kwenda mkoani, niipige chapa. Iliandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi ya tatu. Haikuwa ya kijiji chetu, ilikuwa ya kijiji kingine kabisa, cha upande wa Ikola, habari ya ziwa na dagaa. Taarifa ilisema kijiji kilikumbwa na mafuriko yasiyotarajiwa. Nilisimama kwenye neno hilo muda mrefu mpaka Mkubwa akauliza kama mwandiko wake hausomeki au mimi ndiye sioni. Nikamwambia naona. Nikalipiga: yasiyotarajiwa. Herufi zote, bila kosa.

Kiangazi nikaomba likizo nikaenda kukaa na dada. Walikuwa wamejenga kibanda juu mlimani, mahali pa zamani, na safari hii hakuna aliyekuja kuwashusha. Dada alikuwa amekonda, lakini hakuwa analia tena. Asubuhi moja tulikaa nje, yeye akipepeta mchele, mimi nikichambua mawe. Nilikuja na nia ya kumwambia yote. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mpanda.

Aliniwahi. "Mdogo wangu, huko ofisini," alisema, "kuna mtu alijua?"

Mimi niliyepanga maneno yote nikasema, "Hakuna aliyejua, dada."

Alitikisa ungo, akapuliza makapi. "Shangazi alijua," alisema.

Nikaokota jiwe jingine, nikalitupa.

"Mimi mvua za mwaka wa kwanza nilitaka tuondoke pale. Niliogopa yale aliyosema darasani. Nikamwambia baba watoto, tukafunga hata mikeka. Yeye ndiye aliyekataa."

"Shangazi?"

"Shangazi. Alisema mimi nimeshasema, na mtoto wetu ameandika lote, nilimuuliza mwenyewe pale garini. Wakubwa wamelisoma. Kama wamelisoma na bado wametuleta hapa, basi wamekwenda kutazama wakaona hakuna neno, wana vyombo vyao. Halafu akasema, na tena aliyeandika ndiye aliyetutafutia kiwanja hiki. Angejua pana kitu angetuweka hapa?" Dada aliinua macho akanitazama, bila hasira yoyote, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. "Basi tukafungua mikeka. Kila mvua ikianza, watu wakihofu, alikuwa anawaambia: lalani nyie, imeandikwa."

Kuku mmoja alikuja kudokoa mchele, dada akamfukuza kwa mguu. Nilichukua ungo wa pili, nikaendelea kutoa mawe.